Mkoromo, presha na mashine ya usiku: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: mtu anakoroma, pumzi inakatika usingizini, kisha anaambiwa moyo wake pia uangaliwe. Hospitalini ugonjwa huu utausikia ukiitwa apnea ya usingizi. Tumechagua barua tano.

Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 54 na anameza dawa tatu za presha: amlodipini, losartani na ile ya kukojosha. Hakosi hata siku moja, vidonge namhesabia mwenyewe. Presha haishuki chini ya 155 kwa 95. Usiku anakoroma mpaka watoto wanasikia chumba cha pili, halafu ghafla kimya, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Anaamka mara tatu kwenda kukojoa. Sukari imepimwa, tezi dume imepimwa, hakuna kitu. Mambo haya yana uhusiano, au ni umri tu?
*Mama wa wanne, Tanga*

Marahaba mama. Yana uhusiano, na hicho kimya ulichokitaja kinatutisha kuliko mkoromo wenyewe.

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye shingo nene, taya dogo au tonsili kubwa, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma vikaziba njia. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti, kama anayenyonya soda kwa mrija uliobanwa. Mvuto huo unautanua moyo kwa nguvu kutoka nje, hasa vyumba vya juu vyenye kuta nyembamba. Wakati huohuo oksijeni katika damu inashuka, tuseme kutoka asilimia 96 hadi 82. Ubongo unashtuka, adrenalini inamwagika, mishipa inakaza, mtu anazinduka nusu na kuvuta pumzi kwa kishindo. Katika sekunde hizo namba ya juu ya presha inaweza kuruka hata kupita 200. Kisha analala tena, na asubuhi hakumbuki lolote.

Kinachohesabiwa ni kila pumzi inapokatika, au kupungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni ugonjwa mwepesi. 15 hadi 29 ni wa kati. 30 kwenda juu ni mkali. Mwenye mara 30 akilala saa saba, koo lake limeziba zaidi ya mara 200 kabla ya adhana ya alfajiri.

Sasa unaona kwa nini vidonge vinashindwa. Presha ya mtu mzima wa afya hushuka asilimia 10 hadi 20 anapolala, mishipa ikapata nafuu. Ya mumeo hupandishwa usiku kucha, na ule mkazo anaamka nao mchana. Hata kukojoa kumo humo: chumba cha juu cha moyo kikitanuliwa hutoa homoni inayoziambia figo zitoe maji na chumvi. Ndiyo maana wengi huzunguka kwa wataalamu wa tezi dume miaka nenda rudi bila jibu.

Fanyeni hivi. Kwanza hakikisheni hiyo 155 ni ya kweli. Apime asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku saba. Akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, apime mara mbili kwa kupishana dakika moja. Pimeni pia unene wa mkono wake wa juu. Ukizidi sentimita 32, ule mkanda wa kawaida wa mashine ni mdogo kwake na utaonyesha presha kubwa kuliko iliyopo.

Kisha hesabuni alama, moja kwa kila jibu la ndiyo: anakoroma kwa sauti kubwa, mchana amechoka au anasinzia, ameonekana akikata pumzi, ana presha, uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI, umepita 35, umri umepita 50, shingo imepita sentimita 40, ni mwanamume. Alama tatu zinatosha kumpeleka kupimwa, tano kwenda juu ni hatari kubwa. Kwa barua yako tu, bila futi ya fundi cherehani shingoni, mumeo ana tano. Ukiweza, mrekodi kwa simu dakika tano akiwa amelala chali, saa tisa au kumi usiku, umpe daktari asikilize.

Kipimo chenyewe kinaweza kufanyika nyumbani: mkanda kifuani, mrija mwembamba puani, kibanio kidoleni cha kupima oksijeni, analala kitandani kwake. Kinahitaji angalau saa nne za rekodi safi. Kikitoka salama ilhali dalili ni hizi ulizoandika, usikubali mambo yaishie hapo. Aombewe kipimo kamili cha usiku mzima hospitalini.

Akipewa mashine ya kusukuma hewa, ile inayopuliza hewa kwa barakoa usiku ili koo lisizibe, msitarajie presha iporomoke. Hispania waliwajaribu wagonjwa 194 wenye presha sugu kama ya mumeo, matokeo yakatolewa mwaka 2013: baada ya wiki 12, wastani wa presha ya saa 24 ulishuka pointi tatu hivi kuliko kwa wasiotumia. Ndogo, lakini wengi zaidi kati yao presha ilianza tena kushuka usiku, na walioivaa saa nyingi ndio walionufaika zaidi. Kwa hiyo vidonge haviachwi. Muulizeni daktari pia kuhusu kuongeza spironolaktoni kama dawa ya nne, ila kwanza apimwe potasiamu na figo, na arudie kipimo hicho baada ya wiki chache.

Assalaam aleikum. Niko Muscat, miaka 61, niliwekewa stenti mbili, vile vijibomba vya kutanua mishipa ya moyo, mwaka juzi. Ninayo mashine, navaa kwa muda wa saa tatu hivi, nikiamka saa nane usiku naivua, siirudishi. Mwanangu amesoma kwamba utafiti mkubwa ulionyesha mashine hizi hazizuii shambulio la moyo. Kama ni kweli, najitesa kwa nini?
*Mzee wa Unguja, Oman*

Waaleikumu salaam mzee wetu. Mwanao hakukosea, ila hakusoma mpaka mwisho.

Utafiti anaousema uliitwa SAVE, ulitoka mwaka 2016. Watu 2,717 wa umri wa miaka 45 hadi 75, ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo au ya ubongo, waligawanywa: nusu matibabu ya kawaida peke yake, nusu matibabu hayohayo pamoja na mashine. Baada ya wastani wa miaka mitatu na miezi minane, mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo havikupishana kwa maana. Usingizi wa mchana ulipungua na hali ya moyoni, ile ya furaha na huzuni, ikawa bora.

Ila tazama mambo mawili. Wenye usingizi mzito sana wa mchana hawakuingizwa, maana isingekuwa haki kuwanyima mashine. Basi huenda waliokuwa na la kufaidi zaidi waliachwa nje. La pili ndilo linalokuhusu: waliopewa mashine waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 kwa usiku. Saa zako hizohizo, mzee.

Mwaka 2023 watafiti waliunganisha takwimu za watu 4,186 kutoka SAVE na majaribio mengine mawili, moja la Hispania na moja la Sweden. Kwa jumla tofauti haikuonekana. Walipowatenga walioivaa saa nne au zaidi, hatari ya kupata tena tukio la moyo au la ubongo ilikuwa pungufu kwa asilimia 31. Tusijidanganye: anayevaa mashine kila usiku pengine ndiye huyohuyo asiyekosa aspirini wala dawa ya lehemu, kwa hiyo sehemu ya faida hiyo huenda si ya mashine. Sisi bado tunaona hoja ya saa ina uzito, kwa sababu ya namna usingizi wenyewe ulivyopangwa.

Usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope, hujazana nusu ya pili ya usiku. Humo misuli hulegea kuliko wakati wowote mwingine, koo huziba kwa muda mrefu zaidi na oksijeni hushuka chini zaidi. Ukiivua saa nane, umejikinga saa nyepesi ukaziacha nzito. Na faida haiwekwi akiba: walioisimamisha mashine kwa majaribio, ndani ya wiki mbili ugonjwa ulirudi na presha yao ya asubuhi ikapanda.

Tafuta basi kinachokufanya uivue. Mdomo ukiwa mkavu kama kigae, unapumua kwa mdomo na hewa inatorokea huko. Jaribu mkanda wa kidevu, au barakoa inayofunika pua na mdomo pamoja. Pua ikiziba, isafishe kwa maji ya chumvi kabla ya kulala, na umuulize daktari dawa ya kupuliza. Tumbo likijaa hewa, huenda shinikizo ni kubwa. Lirekebishwe na aliyekuwekea, usilibadilishe mwenyewe. Hewa ikivuja kwenye macho, usikaze mikanda ukiwa umekaa. Lala, washa mashine, legeza yote, kisha kaza pande mbili kwa usawa mpaka mvujo uishe. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Ndevu zinavujisha, na huo hauna dawa ila barakoa ndogo ya matundu ya pua. Usipake mafuta ya mgando ili barakoa ishike; yanaharibu silikoni.

Ikiwa ni dhiki tu ya kufunikwa uso, ivae mchana mashine ikiwa imewashwa, dakika 20 au 30 ukitazama habari, siku kadhaa mfululizo. Kichwa kizoee kwanza ndipo usingizi ufuate.

Na Ramadhani isikupe udhuru. Ukilala baada ya tarawehe, ukaamka kula daku, ukalala tena baada ya alfajiri, vaa mara zote mbili, na qailula ya mchana vilevile. Mashine nyingi huhesabu siku kuanzia saa sita mchana hadi saa sita mchana ya kesho yake, kwa hiyo vipande vyote vinajumlishwa.

Nimeletewa mashine iliyotumika kutoka Ulaya. Huku kwetu umeme unakatika, na maji ya bomba yana chumvi. Niitumie vipi bila kuiua, au yenyewe kuniua mimi?
*Fundi redio, Mwanza*

Anza na namba ya mashine, kabla hujaiwasha. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa Aprili mwaka huo, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inamomonyoka, vumbi na gesi zake zikaingia kwenye hewa anayovuta mgonjwa. Joto na unyevu huharakisha kuoza huko, na mashine za kusafishia kwa ozoni pia. Zilizotumika bado zinazunguka mikononi mwa watu. Ukikuta ni mojawapo na haijabadilishwa sponji na kampuni, usiivae, hata kama inanguruma vizuri.

Ikisalimika hapo, tupa barakoa, mpira wa hewa na chujio vilivyokuja nayo, nunua vipya. Futa shinikizo la mwenyewe wa zamani. Shinikizo la mashine hizi hupimwa kwa sentimita za maji, na huenda kutoka 4 hadi 20, na lako linatokana na kipimo chako wewe.

Umeme: wewe ni fundi, tutakwenda na hesabu. Mashine ya kisasa bila kupasha maji hula wati 10 hadi 30 hivi, yaani kwa saa nane ni kama wati-saa 80 hadi 240. Betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 50, inabeba 600. Ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 300. Usiku mmoja unapita. Ukiwasha tangi la unyevu na mpira wa kupasha moto, hesabu imevunjika. Umeme ukikatika vizime hivyo, ubaki na hewa tu. Soma nyuma ya mashine kabla ya kuunganisha, maana nyingine zinataka volti 24. Ukitumia inveta, iwe ya wimbi safi. Ile ya bei rahisi inaweza kuunguza kipashio.

Umeme ukikata umelala, barakoa ya pua haina neno, utafungua mdomo. Ile inayofunika vyote viwili lazima iwe na vali ya usalama inayofunguka hewa ikikoma. Ijaribu ukiwa macho: ivae, zima mashine, vuta pumzi.

Maji ya tangi yawe yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha maji tena ili chumvi ibaki nyuma, yenye lebo. Hayo ya vituo vya mafuta yanayoitwa maji ya betri usiyaguse, kwani baadhi ni asidi. Yakikosekana, chemsha maji, yapoe. Vijidudu vitakufa lakini chumvi itabaki, itaganda chini kama kwenye birika la chai. Loweka tangi kwa siki sehemu moja na maji sehemu tisa, kisha suuza sana. Maji humwagwa kila asubuhi, hayaongezewi juu ya yaliyolala. Sehemu ya barakoa inayogusa uso ioshwe kila siku kwa sabuni isiyo na manukato, mpira kila wiki, vyote vikauke kivulini. Chujio la karatasi halioshwi; badilisha kila mwezi, na kwenye vumbi la kiangazi kila wiki mbili.

Mashine siimudu. Nimeambiwa nikakatwe kimio kwa mganga, nitaacha kukoroma na presha itakaa sawa. Nina kilo 108.
*Dereva wa lori, Kigoma*

Usikatwe, kaka. Kimio si kinachoziba. Kinachoziba ni ulimi na kuta za koo, navyo havimo kwenye kisu cha mganga. Utapata damu isiyokatika au usaha shingoni, na pumzi itaendelea kukatika. Tonsili kubwa kweli ni habari nyingine, hizo mtazame na daktari wa pua, koo na masikio.

Kilo zako ndizo dawa isiyohitaji umeme. Huko Wisconsin, Marekani, waliwafuatilia watu miaka minne: aliyepungua asilimia 10 ya uzito, kukatika pumzi kulipungua kama robo, aliyeongezeka asilimia 10, kuliongezeka kama theluthi. Kwako ni kilo 11. Uzito una faida ambayo mashine haina: unashusha pia sukari na mafuta ya damu. Pombe na vidonge vya usingizi hulegeza koo, kwa hiyo usiviguse jioni. Lala ubavu, shona mfuko mgongoni mwa fulana, weka mpira wa tenisi. Inua kichwani mwa kitanda kwa matofali, kama sentimita 20, usirundike mito, maana mito hukunja shingo. Chumvi ipungue, na jioni tembea: maji yaliyoshuka miguuni ukiwa umekaa kwenye usukani mchana kutwa hupanda shingoni ukilala, yakalinenepesha koo kwa ndani.

Kuna pia kifaa cha meno kinachovuta taya la chini mbele. Kinachongwa na daktari wa meno, na kwa ugonjwa mwepesi au wa kati kinafaa. Lakini ukisinzia kwenye usukani hata mara moja, egesha lori upimwe kwanza. Hili halisubiri kilo.

Baba yangu moyo umepanuka, anapumua kwa mawimbi: haraka haraka, kisha polepole, kisha anaacha. Tumemnunulia mashine ya oksijeni ya kutumia usiku. Inatosha?
*Binti, Bukavu*

Pole dada. Mawimbi uliyoyaeleza yanaweza kuwa aina nyingine ya ugonjwa: koo liko wazi, ila ubongo ndio unaosahau kuagiza pumzi, kwa sababu damu inachelewa kufika kutoka kwenye moyo dhaifu. Aina hii hutibiwa kwa kuutibu moyo wenyewe. Je, dawa zake zimefikishwa kipimo chake? Apimwe uzito kila asubuhi baada ya kukojoa. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, mpigieni daktari.

Oksijeni peke yake haifungui koo. Utafiti wa watu 318 uliotolewa mwaka 2014 ulilinganisha: mashine ya kusukuma hewa ilishusha presha kidogo, oksijeni ya usiku haikushusha. Inapandisha namba ya kidoleni, ila kama koo linaziba, moyo unaendelea kuvutwa na kushtuliwa vilevile. Msiizime bila kuuliza, kwani huenda aliandikiwa kwa sababu nyingine.

Kuna jambo moja la kuwa macho nalo. Ipo mashine ya aina ya ASV, inayobadilisha shinikizo kwa kila pumzi, na huuzwa kwa watu wenye mawimbi kama ya baba. Mwaka 2015 jaribio lililoitwa SERVE-HF lilionyesha kwamba kwa wenye moyo unaosukuma asilimia 45 au chini ya damu iliyomo, na ambao ugonjwa wao ni huu wa ubongo kutoagiza pumzi, iliongeza vifo vya moyo. Kwa hiyo kabla hamjanunua chochote kingine, afanyiwe picha ya moyo, ile eko, mtafute kwenye karatasi namba iliyoandikwa EF, ambayo ndiyo hiyo asilimia ya damu inayosukumwa, mwende nayo kwa daktari wa moyo pamoja na kipimo cha usingizi.